Ekrani nyeusi si sababu ya kuformata mashini

KAMALONDO, LUBUMBASHI. Katika kibanda kimoja cha mafundi wa ordinatere, si mbali na kiwanja cha TP Mazembe, mama mmoja aliyefika kutoka Bukavu mwaka 2025 alisimama na mashini yake ndani ya mfuko wa soko. Mashini iliwaka, ikaonyesha alama ya Windows, kisha ekrani ikawa nyeusi tii. Siku moja kabla, mtoto wake mkubwa alikuwa ameona tangazo linalosema draiva ya karte grafiki imezeeka, akabonyeza. Fundi hakumaliza hata dakika 5. "Mama, hii sistemu imekufa. Tutaiformata tu, kesho unakuya kuibeba." Mama akauliza juu ya picha. "Picha zitaenda, mama." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Papa, mule muko mapicha ya baba yabo."

Akairudisha mashini ndani ya mfuko, akaondoka. Alifanya vizuri sana. Sistemu yake haikuwa imekufa. Kilichoharibika kilikuwa draiva, na draiva mbaya inaondolewa bila kugusa hata picha moja.

Yule mama hayuko peke yake. Lubumbashi imepokea familia nyingi zilizokimbia vita: waliotoka Goma baada ya mji kuanguka mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, waliotoka Bukavu mwezi uliofuata, na wengine waliofika zamani kutoka Mitwaba, Pweto ao Manono. Wengi walitoka na begi moja. Kwa watu wa namna hiyo mashini ya zamani si kitu cha michezo. Ndani yake mna diploma ya Serikali iliyopigwa picha kwa telefone, karti ya mchaguzi, hati za kuzaliwa za watoto, karatasi ya kiwanja kilichoachwa kule, sauti ya mtu aliyekwisha kufa. Nyumba ilibaki, makaratasi yalibaki, na nakala pekee iko mule. Kisha anakuja kijana mwenye tournevis na flashi ya Windows, anafuta yote kwa sababu ekrani haionyeshi kitu.

Desturi hiyo inapashwa kuisha. Fundi anayeformata bila kueleza na bila kunakili kwanza anafanya kosa, hata kama ana moyo mzuri, hata kama bei yake ni ndogo. Na mwenye mashini anayekubali bila kuuliza anamsaidia kukosea.

Ni vizuri kuelewa draiva ni nini. Karte grafiki ndiyo inayochora kila kitu kinachoonekana kwenye ekrani: maandishi, picha, video, mchezo. Lakini Windows na karte hazisemi lugha moja. Draiva ni mkalimani aliyesimama kati yao, kama yule anayesimama karibu na mhubiri siku ya Mungu: mhubiri anasema Kifaransa, mkalimani anatoa Kiswahili, kanisa linaitika amina. Mkalimani akikosea, waamini hawasikii kitu ao wanasikia kitu kingine. Hakuna mchungaji ambaye, kwa sababu hiyo, anabomoa kanisa. Anamwambia mkalimani akae, anamwita mwingine. Katika Windows ya Kifaransa, ambayo ndiyo wengi wanatumia huku, mkalimani huyo anaitwa pilote, na anaishi kwenye diski ngumu, mahali pake. Picha na makaratasi ya mwenye mashini yako mahali pengine kabisa kwenye diski hiyo. Kumwondoa mmoja hakugusi mwingine.

Kama kuna mtu anayefikiri huu ni uchawi wa mafundi wakubwa wa Ulaya, akumbuke tarehe 19 mwezi wa 7 mwaka 2024. Siku hiyo kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma mabadiliko yenye kosa, na Microsoft ilikadiria kwamba mashini milioni 8.5 za Windows duniani zilipatwa. Ndege zilibaki chini, hospitali na benki zikakwama, ekrani za bluu kila mahali. Haikuwa draiva ya karte grafiki, lakini ilikuwa programu inayofanya kazi ndani kabisa ya sistemu, kule ambako draiva pia zinafanya kazi. Dawa iliyotolewa ilikuwa nini? Si kuformata. Ilikuwa kufungua mashini katika hali ya salama na kufuta faili moja. Faili moja! Kama dawa hiyo ilitosha kwa makampuni ya ndege, inapashwa kujaribiwa pia kwa mashini ya mama wa Bukavu.

Basi fundi anapashwa kuanza wapi? Kwa mambo madogo. Kwanza abonyeze kwa pamoja vidole vinne: kibonyezo cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Katika Windows 10 na 11 hiyo inaamsha draiva ya grafiki upya, na mara nyingine ekrani inarudi palepale. Mtu anaona ekrani inakonyeza, pengine anasikia mlio. Kama ni ordinatere ya mezani yenye karte iliyochomekwa, aangalie waya wa ekrani umechomekwa wapi. Prosesa nyingi za Intel, na nyingine za AMD, zina grafiki yao ya ndani. Kuhamisha waya kutoka kwenye karte na kuuweka kwenye tundu la ubao mkuu kunaweza kurudisha picha, na mtu akafanya kazi yake akiona. Dawa hii haigharimu hata franga moja, lakini wengi wanaipita.

Kama bado ni giza, kuna hali ya salama, ile Windows ya Kifaransa inayoiita mode sans échec. Mashini ikikatwa wakati wa kuwaka mara mbili ao tatu mfululizo, Windows 10 na 11 zinafungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Pale fundi anachagua Dépannage, kisha Options avancées, kisha Paramètres, kisha Redémarrer, na ekrani ya namba ikitokea anabonyeza 4. Mashini itafunguka na sura mbaya, maandishi makubwa, rangi za kusikitisha. Hiyo ni habari njema: maana yake Windows imemwacha yule mkalimani mbaya na inatumia wa muda. Kutoka pale anafungua Gestionnaire de périphériques, anatafuta Cartes graphiques, anaingia kwenye Propriétés, upande wa Pilote. Kama neno Restaurer le pilote linabonyezeka, Windows bado ina draiva ya zamani na inaweza kuirudisha. Kama halibonyezeki, anaiondoa mpya, kisha anawasha upya. Kwa draiva zilizoshikamana sana kuna programu ya bure inayoitwa Display Driver Uninstaller, ya Wagnardsoft, inayosafisha mabaki ya NVIDIA, AMD na Intel. Nayo inatumiwa vizuri zaidi ndani ya hali ya salama hiyohiyo.

Mahali pamoja panahitaji uangalifu. Mashini nyingine, hasa laptopu za biro zilizouzwa kama okazyo, zina diski iliyofungwa kwa BitLocker. Mtu akiingia kwenye matengenezo, inaweza kuomba ufunguo wa tarakimu 48. Asiye nao atakwama pale. Kwa hiyo, siku mashini inatembea vizuri ndiyo siku ya kutafuta ufunguo huo ndani ya akaunti ya Microsoft iliyounganishwa nayo na kuuandika kwenye karatasi. Siku ya giza ni kuchelewa.

Na kama yote yameshindikana, kama kweli hakuna njia isipokuwa kuformata? Hata pale kunakili kunakuja kwanza. Diski inaweza kutolewa na kuchomekwa kwenye mashini nyingine. Ao fundi anawasha mashini kwa flashi yenye Linux, anafungua diski, anahamisha picha na makaratasi. Diski isiyofungwa kwa BitLocker inasomeka hivyo bila shida, hata kama Windows yake imelala. Kazi hiyo inachukua muda, ndiyo. Hilo litarudi mbele kidogo.

Sasa swali lingine, ambalo pengine ni kubwa zaidi: yule mtoto alikuwa na haja gani ya kubadilisha draiva? Watu wamezoea kufikiri kwamba kipya ni kizuri. Kwa draiva si hivyo kila mara. Mwezi wa 3 mwaka 2010 NVIDIA ilitoa draiva namba 196.75, kwenye baadhi ya karte feni hazikuongeza mwendo wakati joto linapanda, na kampuni yenyewe ikaiondoa. Mwisho wa mwezi wa 11 mwaka 2015 ilikuwa zamu ya AMD: programu yake mpya ya Crimson ilifunga feni za baadhi ya karte kwenye mwendo wa chini, na sahihisho likatoka baada ya siku chache. Hizi ni kampuni zenye mainjinia maelfu. Aliyekimbilia draiva siku ya kwanza ndiye aliyeonja sumu kwa niaba ya wengine.

Mashini ambayo inaandika barua, inafungua PDF za masomo, inaonyesha filamu na kupiga video ya WhatsApp bila kukwama haina haja ya draiva mpya ya grafiki kila mwezi. Sababu nzuri za kubadilisha zipo, na zinahesabika: mchezo ao programu mpya inakataa kufunguka na inasema wazi draiva ni ya zamani, ekrani inakatika-katika, mtu ameweka karte nyingine, Windows imebadilishwa toka 10 kwenda 11, ao mtengenezaji ametangaza tundu la usalama. Hiyo ya mwisho wengi wanaisahau. Draiva ina nguvu kubwa ndani ya mashini, na tundu lake ni mlango wa mwizi. Kwa hiyo kukaa miaka 6 na draiva moja kwenye mashini inayoingia kwenye intaneti kila siku si hekima. Anayesubiri juma mbili ao tatu baada ya draiva kutoka, akasikia wengine wanasemaje, huyo anatembea katikati ya barabara bila kugongwa.

Wapiga picha za ndoa, ambao mashini zao zinalala usiku kucha zikitengeneza video, wana chaguo lao. NVIDIA, tangu 2019, inatoa njia mbili: Game Ready kwa wachezaji, inayotoka haraka kufuata michezo mipya, na Studio, inayotoka polepole na kujaribiwa zaidi na programu za video na picha. AMD nayo inatenganisha zile inazozipendekeza na zile za hiari. Mtu wa video za ndoa hana sababu ya kukimbizana na draiva za mpira wa ekrani. Mwenye salon ya michezo, ambaye Jumamosi jioni ana vijana 10 wanaongoja zamu, huyo ni sawa akichukua ya wachezaji, lakini aiweke kwanza kwenye mashini moja, aiache siku tatu, kisha nyingine. Akiweka kwenye zote usiku mmoja na ikawa mbaya, kesho yake atauza maji baridi tu.

Kabla ya kupakua, mtu anapashwa kujua karte yake kwa jina. Si jina lililoandikwa kwenye kasha, wala lile alilotamka muuzaji. Ndani ya Gestionnaire de périphériques, upande wa Détails, kuna namba za utambulisho. Ikianza na VEN_10DE, karte ni ya NVIDIA. VEN_1002 ni AMD. VEN_8086 ni Intel. Hata draiva ikikosekana, hata Windows ikiandika jina la jumla tu, namba hizo hazidanganyi kirahisi. Kwa laptopu yenye grafiki mbili, ya Intel ao AMD ya ndani pamoja na nyingine ya nguvu, mahali pa kwanza pa kutafuta ni ukurasa wa aliyetengeneza laptopu yenyewe, HP, Dell, Lenovo ao mwingine, kwa sababu mara nyingine alirekebisha draiva ili zile mbili zielewane.

Juu ya kudanganya: kuna karte za bei nyepesi sana zinazotembea katika masoko ya dunia, zimeandikwa GTX 1050 Ti, kumbe ndani ni chipu ya zamani kama GTS 450 iliyobadilishwa jina kwa programu. Zinawaka vizuri mbele ya mnunuzi. Siku anaweka draiva halisi ya NVIDIA, ekrani inakufa ao mashini inakwama, na yeye analaumu draiva. Draiva haina kosa. Imekutana na mtu aliyevaa jina la mwingine. Programu ndogo ya bure, GPU-Z, tangu 2018 inatambua nyingi za karte hizo za NVIDIA na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Anayenunua karte ya okazyo amwombe muuzaji afungue GPU-Z pale pale dukani. Muuzaji akikasirika, jibu limepatikana.

Hata karte ya kweli ina umri wake. NVIDIA iliacha kutoa draiva za kawaida kwa nyingi za GTX 600 na 700 mwezi wa 10 mwaka 2021. Kwa GTX 900 na 1000, zile zilizojaa kwenye ordinatere za okazyo, draiva ya mwisho ya michezo ilipangwa mwezi wa 10 mwaka 2025, na baada ya hapo ni sahihisho za usalama tu hadi mwezi wa 10 mwaka 2028. AMD ilifunga mlango mwezi wa 6 mwaka 2021 kwa karte zake tangu Radeon HD 7000 hadi R9 300 na Fury. Maana yake ni rahisi: kwenye karte ya namna hiyo hakuna draiva mpya ya michezo ya kutafuta. Anayesema anayo, ama anadanganya, ama amedanganywa. Mwenye karte aweke ile ya mwisho iliyotolewa kwa karte yake, aihifadhi, na abaki hapo. Windows 10 nayo ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, lakini hilo ni neno lingine, la siku nyingine.

Kwa kupita tu: inauma kidogo kuona mambo haya kutoka Katanga. Shaba inayotembeza umeme na joto ndani ya karte hizi, watu wa mji huu wanaijua tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1910. Tantalum inayotengenezwa kutokana na koltani, na inayoingia katika vipande vidogo vya elektroniki, sehemu yake kubwa inatoka Rubaya, huko Masisi, mji ambao M23 waliuchukua mwezi wa 4 mwaka 2024. Kuna familia zilizokimbia kutoka machimbo hayo. Mali inatoka mbichi, inarudi ikiwa okazyo ya mkono wa nne, bila karatasi ya maelezo.

Turudi kwenye draiva. Lile tangazo lililomwambia mtoto kwamba draiva imezeeka halikutoka Windows wala kwa mtengenezaji. Lilitoka kwenye moja ya zile programu zinazojisifu kuwa zinatafuta draiva zote kwa kubonyeza mara moja. Nyingine zinaomba makuta. Nyingine zinaleta draiva ya karte ndugu, si ya karte yenyewe. Nyingine zinaleta wageni. Hakuna mtu wa mtaa huu anayehitaji programu hizo. Zinapashwa kuondolewa kama kunguni. Draiva inachukuliwa kwa NVIDIA, AMD, Intel, mtengenezaji wa laptopu ao Windows Update, na basi. Windows Update pekee inatosha kwa watu wengi, ingawa nayo ina tabia ya kuleta draiva yake bila kuuliza, na mtu anashangaa kuona ile aliyoiweka imebadilishwa. Na mtu asiseme "lakini ilikuwa na saini ya NVIDIA." Mwanzoni mwa 2022 wezi waliingia ndani ya NVIDIA na kuiba vyeti vyake vya kutia saini, na programu mbaya zikaanza kutembea zikiwa na saini hizo. Mahali faili ilipotoka panahesabika kuliko muhuri ulio juu yake.

Hapa wengi watacheka: nani ana mega za kupakua kutoka Marekani? Draiva ya NVIDIA inaweza kupita mega 600. Hiyo ni forfe ya mtu ya siku nyingi, iwe Vodacom, Airtel ao Orange. Ndiyo maana watu wanabebeana draiva kwenye flashi, na kuwakataza ni kupoteza maneno. Heri wafanye vizuri. Kibanda kimoja, ao salon moja ya michezo, ao parokia yenye intaneti, inaweza kupakua mara moja tu kutoka kwa mtengenezaji na kuhifadhi faili nzima, kama ilivyo, na namba yake na tarehe. Anayenakili achukue faili hiyo nzima, si folda iliyofunguliwa na kuchokorwa. Kabla ya kuifungua, abonyeze kitufe cha kulia, Propriétés, aone Signatures numériques: saini ikisema imevunjika ao haipo, faili hiyo itupwe. Pamoja na kujua ilikotoka, ulinzi huo unatosha kwa wengi. Na draiva ya zamani iliyotembea vizuri isifutwe. Ikae kwenye flashi ileile. Siku mpya ikiharibu, ile ya zamani haitahitaji hata mega moja.

Kisha umeme. Huku kila mtu anajua delestaji ya SNEL, haiombi ruhusa. Umeme ukikatika katikati ya kuweka draiva, karte haiungui kwa sababu hiyo, kama wengine wanavyosema. Draiva iko kwenye diski. Mashini itarudi na sura ya muda, kazi itaanzwa upya. Lakini pengine faili za Windows zenyewe zinaumia, na umeme unaporudi kwa kishindo unaweza kuua kitu kingine. Laptopu iwe na bateri iliyojaa. Ordinatere ya mezani isiyo na ondulere isubiri saa ambazo mtaa umezizoea kuwa na umeme mtulivu. Kitu cha kuogopa kweli ni kingine: kubadilisha programu iliyo ndani ya karte yenyewe, ile wanayoita BIOS ya karte. Umeme ukikatika pale, karte inaweza kuwa jiwe. Hakuna sababu ya mtu wa kawaida kuigusa, na kijana anayejitolea kuifanya "ili mchezo utembee mbio" akatazwe.

Na kabla ya yote hayo, dakika mbili za kutengeneza point de restauration, na nakala ya picha nje ya mashini. Mtu akisema hana flashi, atumie telefone yake na waya wa kuchajia. Picha za miaka 10 za familia nyingi zinaingia kwenye flashi ya bei ya sahani chache za bukari na samaki.

Mafundi wana maneno yao pia, na si haki kuyanyamazisha. Mteja anakuja saa 10 alasiri, anataka mashini kabla ya giza, na anabishana kwa franga 1000. Kuformata kunamalizika kwa muda unaojulikana, na matokeo yake yanaonekana: mashini mpya, haraka, safi. Kutafuta ugonjwa kunaweza kula asubuhi nzima, na mwisho fundi anaambiwa, "Uliondoa kitu kimoja tu, mbona unaomba pesa nyingi?" Hapo wateja wana kosa. Wanalipa jasho, hawalipi akili. Anayempeleka mtoto kwa daktari hakubali atibiwe kwa kukatwa mguu kwa sababu kukata ni haraka.

Kwa hiyo bei ipangwe mara mbili, na iandikwe ukutani: bei ya kuangalia, inayolipwa hata kama ugonjwa ni mdogo, na bei ya kunakili, kwa kila giga ao kwa saa. Kuformata kuje mwisho, kwa idhini ya mwenye mashini, aliyeambiwa wazi kitakachopotea. Chama cha mafundi si lazima kiundwe kwa hilo. Vibanda vitatu vikianza kwenye avenyu moja, cha nne kitafuata kwa aibu ao kwa kukosa wateja. Kamalondo ni komini ndogo. Habari za fundi aliyefuta picha za mjane zinafika kabla yeye hajafunga duka.

Yule mama wa Bukavu alipata fundi wa pili siku iliyofuata. Huyo alimwuliza kwanza: "Mama, kuko nini ya lazima mule ndani?" Alinakili folda ya picha kwenye flashi, akampa aishike mkononi, ndipo akagusa draiva. Kazi ilichukua saa moja na nusu, na sehemu yake ilikuwa kungoja umeme urudi. Programu ya matangazo ilikuwa imeweka draiva ya karte ambayo mashini haina. Mtoto mkubwa alisimama nyuma ya bega la fundi muda wote, na kaye ya shule na Bic, akiandika hatua moja moja. Juu kabisa ya ukurasa aliandika VEN_8086, akaipigia mstari mara mbili.